Njia ya Mchwa katika Sanduku la Tatu

Ilianza Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, mwaka huu wa 1956, saa nane kamili mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimepanda kigoda nikifuta vumbi kwenye saa ya ukutani ya mwalimu, na mishale ilikuwa mbele ya pua yangu. Nikasikia nyuma ya mlango sauti ndogo, kama mtu anakunjakunja karatasi kwa siri. Nyumbani mle hamkuwa na mtu. Mwalimu alikuwa Musoma kwa daktari wa macho tangu wiki iliyopita, na ufunguo alikuwa ameniachia mimi.

Nilishuka nikauvuta mlango. Nyuma yake, sakafuni, lilikuwa sanduku la tatu la karatasi za mwalimu, palepale nilipoliweka Ijumaa nilipokuwa nasafisha meza. Nilikuwa nimelishusha kwa dakika chache tu, nipitishe kitambaa kisha nilirudishe. Lakini mama akatuma mtu kuniita, ndege walikuwa wanamaliza ulezi shambani, nikafunga nyumba nikakimbia. Siku nne nilivuna ulezi na sikulikumbuka lile sanduku hata mara moja.

Mistari ya udongo mbichi ilikuwa imetoka sakafuni ikapanda kwenye mbao. Nilipoinua sanduku, chini yake palikuwa peupe kwa mchwa.

Lazima nieleze mwalimu huyu ni nani, maana daftari hili nitakuja kulisoma nikiwa mkubwa na huenda nitakuwa nimesahau.

Mwalimu ni Mjerumani, lakini si katika wale wa zamani ambao bibi anawakumbuka. Bibi aliposikia mara ya kwanza kwamba Mjerumani amekuja kukaa karibu nasi, aliuliza kama kazi ya kubeba mizigo imerudi. Akaambiwa huyu hana askari wala mizigo, ana karatasi tu. Kwao alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kusoma hadithi na mashairi ya nchi nyingi na kuandika jinsi yalivyotengenezwa. Baba alipoelezwa hivyo aliuliza kama hiyo nayo ni kazi mtu anaamka asubuhi kwenda kuifanya.

Halafu kwao wakaingia watawala wapya. Mama yake mwalimu alikuwa Myahudi, basi wakamtoa chuoni, na baadaye wakaja nyumbani kwake wakampa robo saa aondoke. Aliniambia habari hizi mwenyewe, mwaka juzi, siku nilipomuuliza kwa nini begi lake dogo liko nyuma ya kitanda siku zote na limefungwa. Katika ile robo saa alichukua mashati mawili, viatu na mswaki. Juu ya meza aliacha kitabu alichokuwa amekiandika kwa miaka tisa. Alikikumbuka akiwa tayari ndani ya treni.

Akafika Kenya kwa meli, vita vikaanza, Waingereza wakamfunga kambini pamoja na Wajerumani wengine. Yeye huisimulia kama mchekesho, kwamba kule alifukuzwa kwa kuwa hatoshi kuwa Mjerumani na huku alifungwa kwa kuwa Mjerumani. Hucheka peke yake. Baada ya vita wamisionari walimwajiri kufundisha hapa Tarime, na alipozeeka wakamwachia nyumba ndogo kando ya barabara ya kwenda Sirari. Kiswahili chake alikipata kwenye kitabu cha sarufi. Akienda dukani kuomba chumvi huiomba kwa sentensi ndefu iliyokamilika kama barua, na watu husogea kusikiliza.

Kitabu kile kilichobaki mezani alikianza upya, huku kwetu. Kinahusu kungoja. Yaani jinsi watu wanavyongoja ndani ya hadithi, tangu zile za kale mpaka za siku hizi: mke anayengoja mume aliyeko vitani, mfungwa anayengoja mlango ufunguliwe, mtoto anayengoja mama. Kila akisoma mahali ambapo mtu anangoja, anaandika kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja na kuitia sandukuni. Masanduku yenyewe ni ya sabuni, matatu. Yanakaa juu ya meza, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Kazi yangu wakati wa likizo ni kufagia, kufuta vumbi na kuongeza mafuta katika yale makopo. Sharti lake ni moja: karatasi zisichanganywe.

“Karatasi moja moja si kitu, binti,” aliniambia. “Kitabu ni mpangilio wake. Ukichanganya, kitabu hakipo tena, ingawa kila neno lipo.”

Nilimuuliza kwa nini haandiki namba. Akasema zamani aliandika, lakini kila siku anapata karatasi mpya ya kuchomeka katikati, na namba zikawa zinamtukana. Ataandika namba siku ya kupiga taipu. Sanduku la kwanza na la pili alikuwa amekwisha kuyapiga taipu. La tatu, ambalo ndilo mwisho wa kitabu, alikuwa hajaligusa. Macho yalimkatalia, ndiyo maana alikwenda Musoma. Na alikuwa na haraka. Chuo kimoja cha nchi iliyo jirani na kwao kilikuwa kimemwandikia aje na kitabu, na kwa ajili ya kitabu hicho watampa chumba na wanafunzi. Lori la kumpeleka Kisumu lilikuwa la Jumatatu ya pili baada ya yeye kurudi.

Mimi nasoma sekondari kwa sababu yake. Ni yeye aliyenifundisha Kiingereza jioni, akiwa anakohoa ndani ya koti lake zito, na ni yeye aliyekwenda kwa baba mara tatu kuzungumza juu yangu. Kijijini kwetu hakuna msichana mwingine anayepanda meli na treni kwenda shule. Baba alikubali, nadhani, kwa kuchoka na zile sentensi ndefu.

Basi nilikuwa nimesimama na sanduku mikononi, mchwa wananitembea mpaka kwenye viwiko.

Mchwa huja na unyevu wao. Karatasi za chini zilikuwa zimeshikana kwa udongo na zilikuwa baridi kama majani ya asubuhi. Nilijua zisipoanikwa zitaoza, na mchwa waliojificha ndani watamaliza hata za juu. Ua wa mwalimu ni mchanga na kokoto. Kwetu, mwendo wa kama dakika kumi, uwanja ulikuwa umesiribwa upya kwa samadi ya ng'ombe kwa ajili ya kuanika ulezi, laini na safi kuliko meza. Nililibeba sanduku kichwani nikaenda nyumbani. Njiani nilisalimia watu wawili na sikumbuki ni nani.

Mama na bibi walikuwa uwanjani na ulezi. Nilizitoa karatasi moja moja kuanzia ya juu kabisa, nikazipanga mistari kama wanafunzi, kila moja mahali pake, nikikung'uta mchwa kwa kuku. Ilinichukua muda mrefu. Mpangilio ulikuwepo, ulikuwa umelala pale uwanjani mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari. Upepo haukuwepo. Nilipomaliza nilipumua. Mama akasema basi kama nimemaliza nimsaidie kugeuza ulezi.

Kugeuza ulezi nimeanza kabla sijaota meno ya pili. Unapiga magoti, unakusanya kwa viganja viwili kuja kwako, unachanganya ili wa chini uje juu, unautandaza tena, unasogea. Huangalii. Mikono inafanya, na kichwa kinakwenda kinapotaka. Cha kwangu kilikuwa kinapanga namna ya kumweleza mwalimu habari ya udongo kwenye sanduku. Nilianzia upande wa bibi, nikasogea, nikasogea. Ulezi uliisha na mimi sikusimama. Nilijua kwa mbali kwamba nimefika kwenye karatasi, na nilijua chini zilikuwa bado na unyevu, basi zilihitaji kugeuzwa nazo. Nilizikusanya kuja kwangu, nikachanganya vizuri ili za chini zije juu, nikatandaza. Nikasogea. Nikakusanya tena.

Nilisimama nilipofika kwenye mchongoma wa ua. Nilitazama nyuma, na uwanja mzima ulikuwa umegeuzwa vizuri sana.

“Mke mwenzangu,” bibi akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, “mbona umesimama kama umeona chatu?”

Nilinyoosha kidole kwenye karatasi. Mama alikuja, akatazama, akasema mbona hakuna hata moja iliyochanika. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nadhani, kwa sababu alisema karatasi zote zipo, nilie nini? Wangekuwa ng'ombe wamechanganyika na wa jirani, hapo sawa.

Bibi yeye alikuwa ameelewa. Bibi anamjua mwalimu zaidi ya mama. Mwaka jana mwalimu alitaka hadithi zetu pia ziingie kitabuni, bibi akanisimulia, nami nikaandika kwa Kikurya na kwa Kiswahili chini yake, karatasi kumi na moja kwa mwandiko wangu. Mwalimu alizisoma kwa siku nyingi. Akaniambia katika vitabu vya kwao anayengoja husimama dirishani, lakini katika hadithi za bibi yangu kila anayengoja anasaga nafaka au anasuka kamba, na akaniomba nimuulize kwa nini. Bibi akasema, mwambie kwetu madirisha ni madogo. Tena akasema, mtu akisimama tu bila kazi watu watasema amerogwa. Mwalimu aliandika majibu yote mawili.

Sasa bibi aliuliza, “Ni nani anayejua zilivyokuwa zimekaa?”

Nikamwambia ni mwalimu peke yake.

“Yuko mwingine.”

“Nani?”

“Aliyezila,” bibi akasema. “Nenda ukamuulize mchwa.” Akacheka mpaka akakohoa, na mama akamwambia amwache mtoto.

Nilizikusanya karatasi nikazirudisha sandukuni ovyo, na jua lilipoanza kushuka nikalirudisha sanduku kwa mwalimu na kuliweka mezani. Makopo yalikuwa yamejaa mafuta ya taa mpaka juu. Niliyaangalia nikatamani moja liwe limekauka.

Chakula kilinishinda. Nilikuwa nahesabu siku: mwalimu alisema atarudi Ijumaa. Kijerumani sijui. Najua maneno kama manne aliyonifundisha kwa mchezo, na moja katika hayo ni bata.

Jumatano asubuhi nilirudi kule na kuketi sakafuni, maana kwenye kiti chake siwezi kuketi. Hata yeye akiwepo huwa nasimama mlangoni, ananiambia keti binti, nasema asante, nabaki nimesimama. Nilizitandaza zote. Kwanza nilizitoa zangu kumi na moja, hizo nazijua. Kisha nikajaribu kutazama kila moja, kama nitaona chochote. Mwandiko wake ni kama miguu ya kuku kwenye vumbi. Niliinua moja dirishani kuangalia kama ina mchwa aliyebaki, na mwanga ukapita katikati, kwenye tundu dogo kama punje ya ulezi.

Niliinua nyingine. Nayo ilikuwa na tundu, kubwa zaidi, mahali palepale. Nikaziweka pamoja na kuzishika kuelekea juani. Matundu yalikaa moja juu ya jingine kama macho mawili ya mtu mmoja.

Nilikaa hivyo na mikono juu mpaka ikauma. Mchwa alikuwa ameingia kutoka chini akala akipanda. Chini alikula sana, juu alikula kidogo, na hakuruka karatasi hata moja. Kila karatasi ina tundu lenye umbo lake, na umbo hilo linafanana na la iliyokuwa juu yake na la iliyokuwa chini yake, kwa kuwa lilikuwa tundu moja. Bibi alikuwa ananitania tu, namjua. Lakini nilikimbia nyumbani kumwambia. Alikuwa anapepeta, hakuinua hata kichwa, akasema, “Amekujibu? Mimi huwa hanijibu,” akaendelea na ungo.

Siku ile na kesho yake mchana kutwa nilifuata njia ya mchwa. Njia hiyo haikunyooka. Ilianza pembeni kwa upana wa shilingi, ikapinda kuelekea katikati, mahali fulani ikagawanyika mara mbili, tawi moja likaishia kwenye karatasi yenye doa la kahawa na tawi la pili likaendelea. Nilikuwa nashika tano au sita pamoja, natazama juani, nikiona ukingo umeruka najua kuna moja inakosekana hapo, naitafuta. Mara nyingine nilitafuta moja kwa saa nzima. Karatasi zangu za hadithi za bibi zilinisaidia, kwa kuwa nazo zililiwa na mwenyewe nakumbuka ipi ilifuata ipi, na kila mara mchwa na mimi tulikubaliana. Kufikia Alhamisi mchana robo tatu za sanduku zilikuwa zimesimama tena. Nilikuwa na njaa na furaha, na nilianza hata kuimba kidogo.

Kisha njia ikaisha. Mchwa hakufika juu. Nilikuwa nimemkatiza mwenyewe siku ya Jumanne, na karatasi za juu, zile za mwisho kabisa za kitabu, zilikuwa nzima bila alama. Katika hizo nilitenganisha zilizoandikwa kwa wino wa buluu na zile za wino mweusi, maana chupa ya buluu ilikwisha mwanzoni mwa likizo hii na mweusi nilimnunulia mimi. Nyingine zilikuwa zimeanza sentensi upande mmoja na kuimalizia kwenye karatasi ya pili, hizo niliziunganisha kwa alama ya mshale aliyozoea kuweka. Zilibaki ishirini na tatu. Ishirini na tatu ambazo hazikuwa na tundu, wala doa, wala mshale, na zote za wino mweusi.

Sasa naandika jambo ambalo sikumwambia bibi.

Nilizichukua zile ishirini na tatu nikazichomeka tu. Moja hapa, mbili pale, nyingine mwishoni. Nilijiambia: ni mzee, macho hayaoni, ameandika nyingi. Akizikuta hazieleweki atadhani ni yeye amesahau. Nilifikiri hivyo kwa maneno hayohayo, kwa utulivu, kama mtu anayepanga vyombo. Lakini kabla ya kuchomeka kila moja nilikunja ncha yake ya chini, kidogo sana, kama unavyokunja ukurasa wa kitabu cha mtu. Sikuwa na sababu. Ama nilikuwa nayo na sikutaka kuitazama.

Niliongeza mafuta katika makopo ambayo hayakuhitaji kuongezwa, nikafunga nyumba.

Ijumaa saa kumi alasiri mwalimu alishuka kwenye basi na miwani mpya. Ilikuwa minene, ikamfanya macho yawe makubwa kama ya ndama, na alikuwa anafurahi namna ambayo sijapata kumwona. Njia nzima kutoka kituo cha basi alikuwa ananisomea vitu. Alinisomea maandishi kwenye gunia. Alinisomea herufi kwenye kopo lililotupwa. Akaniletea kalamu za risasi kutoka Musoma, zimefungwa kwa uzi, akanipa kwa mikono miwili. Nilipiga goti kushukuru na sikuweza kumtazama.

Nilimwambia, kabla hajafika mezani, kwamba mchwa wameingia sanduku la tatu, nimezianika, zimeliwa kidogo. Nilisema haraka kama mtu anayesoma ubaoni.

“Mchwa,” akasema. “Mezani?”

Nikasema, “Ndiyo, mwalimu.”

Aliinama kwa shida akatazama makopo moja baada ya jingine kwa ile miwani yake mpya. Yote yalikuwa yamejaa. Aliinuka, akasema basi lazima ni yeye, kabla ya kuondoka kwenda Musoma, alisahau kuyajaza, na mimi nimeyakuta makavu na sikutaka kumwaibisha. Akasema samahani, binti. Samahani, kwa kunitwisha kazi ya kuokoa karatasi zake.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu hawakuwepo. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Alichukua karatasi ya chini yenye tundu kubwa akaitazama juani kama nilivyofanya mimi, akanitazama mimi kupitia tundu, akasema mchwa huyu amesoma kwa makini kuliko maprofesa wake wa zamani. Akazipapasa nyingine kwa kidole gumba bila kuzisoma. Alisema amechoka na safari, ataanza kupiga taipu sanduku la tatu kesho asubuhi saa moja, na akimaliza kila siku sehemu yake atakuwa tayari kabla ya lori. Akasema mwisho wa kitabu ndio anaoupenda, kwa kuwa mwisho wa kitabu kile kingine hakuwahi kuuandika. Robo saa haikutosha hata kukumbuka.

Nilimuaga. Nyumbani mama alinipa ungo wa maharage nichambue, nikayachambua, nikayachambua tena mara ya pili yakiwa tayari safi. Bibi alikuwa ananitazama. Aliuliza kama mwalimu amerudi, nikasema amerudi. Akauliza kama ameona kazi yangu na mchwa, nikasema ameona na amecheka.

“Mbona wewe hucheki?”

Nikasema nimechoka. Bibi alisogea kunichambulia maharage kwenye ungo wangu, akachukua moja lililo zima kabisa, akalitupa kwa kuku, na kuendelea hivyo, moja baada ya jingine, akitupa mazima, mpaka nikashika mkono wake. Akaniuliza anatupa nini. Nikasema, “Bibi, hayo ni mazuri.” Akasema alidhani leo tunachambua bila kutazama. Kisha akainuka na fimbo yake kwenda kufungia mbuzi, na hakuniuliza tena.

Sikuwa nikifikiri kuhusu kufukuzwa kazi ya kufagia. Hata kuhusu shule nilifikiri kidogo tu, kwamba anaweza kuandika barua kule kama alivyoandika ya kuniingiza. Zaidi nilikuwa namwona katika chuo kile, amevaa koti, wamempa chumba, wamefungua kitabu mwishoni na wanamuuliza: mwalimu, hapa ulikusudia nini? Na yeye anatafuta kichwani mwake, anadhani uzee umeanza.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilitoka kabla ya uji. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi za barabarani na miguu ililowa mpaka magotini. Nilimkuta mezani tayari, karatasi nyeupe imeingizwa kwenye taipu, sanduku la tatu liko mkono wa kushoto, na ameshika karatasi ya kwanza. Nilisema shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

Nilisimama mlangoni pangu pa siku zote. Nikaona nikibaki pale sitasema, basi nikaenda mpaka mezani, nikaingiza mkono sandukuni bila kuomba, na kutoa yenye ncha iliyokunjwa. Kisha ya pili, kisha nyingine. Alishangaa, lakini hakunizuia. Nilizitoa zote ishirini na tatu na kuziweka juu ya taipu yake, kwenye vibonye, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

“Mwalimu, hizi sijui mahali pake,” nilisema. “Sanduku lilikuwa sakafuni. Mimi ndiye niliyeliweka. Makopo hayakukauka.”

Halafu nikamweleza yote, uwanja, ulezi, mikono yangu, tundu la mchwa, na kwamba hizi nilizichomeka ovyo nikitaka adhani amesahau mwenyewe. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ndogo hadi akaniomba nilirudie, na nikalirudia.

Alivua miwani. Bila miwani alikuwa yule mzee wa zamani. Alitazama dirishani muda mrefu, pengine hakuona kitu zaidi ya mwanga. Mkono wake ulikuwa juu ya zile karatasi, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba atalia. Begi lake dogo lilikuwa linaonekana nyuma ya kitanda. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na robo.

Hatimaye alisema kwamba akisoma kwa macho hatajua, macho yanadanganya, lakini aliziandika huku akizisema kwa sauti, ndivyo alivyozoea tangu kambini ambako hapakuwa na karatasi. Huenda sikio likakumbuka. Akanisukumia ya kwanza. Nikamwambia Kijerumani sijui. Akasema, “Herufi unazijua. Soma.” Na akavuta kiti cha pili kwa mguu.

Niliketi. Nilisoma yale maneno marefu kama mtu anayetembea juu ya mawe mtoni, bila kujua hata moja lilikuwa linasema nini, na yeye alifumba macho. Mahali pengine alikunja uso, mahali pengine alinisahihisha. Nilipofika mwisho alisema hii ni baada ya ile ya mama anayesaga, ya bibi yako, na nikaitafuta ile, nikaichomeka nyuma yake. Ya pili aliijua kabla sijafika katikati. Ya tatu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniomba nisome tena.

Nikasoma tena.